Kadi Tatu za Abduba

Jumapili, 4 Julai 1999

Kadra amefika jana kutoka Mombasa. Amekonda. Leo baada ya adhuhuri ametuita mimi na kaka yetu Abduba chumbani kwangu, akafunga mlango. Hata mke wangu Nasteha ametolewa nje. Dada mdogo anawaweka kaka zake kitako kama watoto wa shule! Lakini yeye ndiye aliyemuuguza ndugu yetu Mahadi miezi miwili mpaka akafa mwezi wa Mei, na sisi huku tulikuwa tunatuma salamu tu. Tukakaa.

Maneno ya daktari wa huko, kama alivyotuletea: saratani ya utumbo mpana iliyomuua Mahadi haikuja siku moja. Huanza na kijinyama kinachoota ndani ya utumbo. Hakiumi. Kinaweza kukaa miaka. Kikionwa mapema kinakatwa na mambo yanaisha. Lakini ndugu wa tumbo moja wa mtu aliyekufa na miaka arobaini na moja, hao wako kwenye hatari kuliko watu wengine. Ndio sisi hao. Abduba ana arobaini na sita, mimi thelathini na nane, Kadra thelathini na tatu.

Mahadi aliona damu chooni miaka miwili mizima. Mara aseme ni bawasiri, mara joto la Garsen, mara pilipili. Kadra akasema, mficha maradhi — methali hakuimalizia. Kilio tumeshakisikia.

Halafu akatoa bahasha tatu. Kila mtu kadi tatu. Siku tatu mfululizo unachukua choo chako kidogo kwa kijiti, unapaka kwenye kadi, unafunga, unaandika jina na tarehe. Maabara inatazama kama kuna damu ambayo macho hayaioni. Siku tatu kabla ya kuanza mpaka umalize, usile nyama nyekundu. Damu ya ng'ombe inaweza kuidanganya kadi.

Abduba akasimama. Akasema hajawahi kumpa mtu mavi yake kwa karatasi, na hataanza na mvi kichwani. Akatoka. Bahasha yake imebaki juu ya mkeka wangu.

Jumatatu, 5 Julai

Kama kuna mtu asiyefaa kuona haya ni mimi. Mimi ni msaidizi wa mifugo, kazi yangu ni mavi. Kila wiki natia mkono nyuma ya ng'ombe, najaza chupa, nabandika lebo, naandika mwenyewe ni nani na ng'ombe ni yupi. Miaka kumi na mbili. Lakini nilipoandika "Hiribae" juu ya kadi yangu mwenyewe mkono ulikuwa mzito. Ajabu.

Kadra ameacha pia orodha ya chakula. Mboga za majani kila siku. Matunda. Unga usiokobolewa. Nyama ipunguzwe. Tumbaku iachwe — hiyo ni ya Abduba. Nimenunua kunde sokoni. Muuzaji, mama wa Golbanti, ameniuliza kama mbuzi wangu anaumwa.

Alhamisi, 8 Julai

Leo nimeanza kuacha nyama. Kunde mchana, mchicha jioni, samaki katikati. Nasteha anapika bila kuuliza. Mwanangu Liban amekataa mboga kabisa. Ana miaka saba na ameshajua kuwa majani ni chakula cha mifugo!

Nimekutana na Sista Tamar wa zahanati. Ndiye atakayezipeleka kadi Mombasa, Kadra amepatana naye. Ni Mpokomo, mdomo hauna breki. Ati sisi Waorma tunamla ng'ombe halafu tunayadharau majani aliyonenepea. Nimecheka. Ana haki.

Jumapili, 11 Julai

Kadi ya kwanza. Basi, imekwisha. Nimeosha mikono mara tatu.

Jumanne, 13 Julai

Kadi ya tatu nimeifunga asubuhi. Nilidhani leo ningepumua.

Kadra amemaliza zake. Jana alikwenda kwa Abduba kumuuliza habari ya zile zake. Mke wa Abduba akamletea maziwa. Kadra akayasukuma. Akasema hatakunywa maziwa ya nyumba ile wala kukanyaga mlango wake mpaka Abduba apimwe. Kukataa maziwa ya kaka yako, mbele ya watoto! Kwetu hilo linasemwa mpaka kwa wajukuu.

Jioni Abduba akaja kwangu. Hakukaa. Akaniambia, "Wewe jaza. Andika jina langu. Sisi mama mmoja, baba mmoja, iko tofauti gani?" Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Hiribae, mimi nimekuomba kitu lini?"

Hajawahi. Baba alipokufa nilikuwa darasa la tano. Abduba akaacha shule ili mimi nisiache. Alichunga ng'ombe mvua na jua mpaka nikapata cheti. Nikasema sawa. Neno moja tu, likatoka kama si langu.

Alhamisi, 15 Julai

Arusi ya binti wa jirani. Wamechinja fahali wawili. Nimekula. Ningesemaje? Watu wa meza yetu wananijua, mkono wangu haujawahi kukosa sinia. Nilikuwa nimejiambia kadi zangu zimekwisha, nyama si neno. Za Abduba nilizikumbuka mfupa ukiwa mkononi.

Kesho naanza za Abduba. Nikingoja nyama itoke, Jumatatu zitakuwa bado, na Sista anazitaka Jumatatu asubuhi. Potelea mbali. Ni uongo tayari, nyama itauharibu nini?

Jumapili, 18 Julai

Za Abduba tatu zimekwisha. Ijumaa, Jumamosi, leo. Nimeandika jina lake kwa herufi kubwa, mwandiko tofauti kidogo na wangu. Hata hilo nimelifikiria. Sijui nijisifu au nijitemee mate.

Kadra amekwenda kwa Abduba na amekunywa maziwa. Nasikia wamecheka.

Jumatatu, 19 Julai

Kadi zimeondoka na Sista Tamar.

Mchana nilikuwa Minjila kwenye ng'ombe wa mzee Buya. Nilikuwa nimemwachia chupa sita za ng'ombe sita. Kanirudishia zote zimejaa, nikaona rangi moja, harufu moja, hata majani yaliyomo ni yale yale. Nikambana. Akakiri — wale watano wako ng'ambo ya mto, akaona achukue mavi ya huyu mmoja tu aliye karibu. Nikampigia kelele mbele ya watu. Nikamwambia, mzee, hapa anayeumwa atakosa dawa na mzima atachomwa sindano bure. Unadhani unanidanganya mimi? Unawaua ng'ombe wako.

Akasema pole mwanangu. Nikapanda landrova, dereva akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Jumapili, 25 Julai

Hakuna habari. Kunde. Kadra anahesabu siku. Mimi nangojea karatasi inayosema wote wazima, tuisahau.

Ijumaa, 30 Julai

Majibu.

Sista ametuita mimi na Kadra zahanati, akafunga dirisha. Kadra: hakuna damu. Hiribae: hakuna damu. Abduba: damu, kadi mbili kati ya tatu.

Kadra akalia kwa kujizuia, kanga mdomoni. Alipomaliza akanishika mkono akasema, afadhali wewe, Hiribae, alhamdulillahi, wewe una watoto wadogo. Mimi nikajibu alhamdulillahi. Nimelisema jina la Mungu juu ya uongo wangu na ulimi haukukwama.

Ni yangu. Damu ni yangu. Kadi zangu safi na kadi zake chafu zote zimetoka tumbo hili.

Jumamosi, 31 Julai

Nasteha amechinja kuku wa shukrani. Amewaita majirani wawili, hakuwaambia sababu, ila uso wake ulikuwa unacheka tangu asubuhi. Ameniwekea paja. Nimelimeza kama dawa.

Nimefikiri hivi: ni nyama. Nilikula fahali wa arusi Alhamisi, Ijumaa nikapaka kadi. Kadi zangu za kwanza hazikuwa na nyama na zilikuwa safi. Hesabu ni rahisi. Ni nyama tu.

Jioni nikapita kwa Sista Tamar, nikamuuliza kama nauliza habari ya mvua: je, kama Abduba alikula nyama siku zile? Akanitazama. Akasema nyama inaweza kuidanganya kadi, ni kweli. Na mtu naye anaweza kujidanganya kwa nyama. Kijinyama cha utumboni hakitoi damu kila siku, leo kinatoa, kesho kimenyamaza. Mtu mwingine angempa kadi nyingine arudie. Ndugu wa Mahadi, hapana. Huyo aende Mombasa akaingizwe kamera waone kwa macho. Ameshaandika barua. Jina la Abduba. Siku imepangwa, Jumatano tarehe kumi na moja Agosti.

Nilitaka kumwambia pale pale. Akaingia mama na mtoto anayeharisha.

Naogopa. Nimeandika. Naogopa kufa kama Mahadi, na mfuko wa choo ubavuni, na harufu ile, na watu wakiingia wanajifanya hawaisikii.

Jumanne, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Abduba. Amewapeleka ng'ombe huko Kilelengwani kutafuta majani mabichi. Kadra alinituma nimpe habari taratibu, ati asishtuke.

Tulikaa mbali na vijana. Nikamwambia majibu. Akauliza, "Damu yangu?" Nikasema, "Jina lako. Damu yangu." Akachora mchanga kwa fimbo. Hakuwa na ukali. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali.

Nikasema twende tumwambie Kadra. Akasema hapana. Amekunywa maziwa yangu, akasema, kwa sababu ya kadi ile. Akijua, mimi ni mtu gani kwa dada yangu? Mimi ni mtu gani kwa watoto wangu? Halafu akanipa shauri lake. Barua ina jina lake — niichukue mimi, niende na jina lake. Tutasafiri wawili. Kadra abaki nyumbani kwake, sisi wanaume twende hospitali peke yetu. Mlangoni mimi naingia, yeye anangoja nje. Wakikata kitu wamekata. "Utapona na hakuna mtu ataaibika."

Nikamuuliza: na wewe? Wewe hujapimwa kabisa, Abduba. Akatema tumbaku. Akasema yeye yuko sawa, anakula, anatembea.

Mahadi naye alikuwa akila na kutembea. Hilo sikulisema. Njia nzima ya kurudi nimelisema peke yangu.

Alhamisi, 5 Agosti

Kadra anamshughulikia Abduba kama yai. Amemnunulia shuka mpya ya hospitali. Amemkataza kubeba kitu. Mke wake analia jikoni, watoto wameambiwa baba ana homa. Abduba anayapokea yote na uso wa jiwe.

Mimi nabeba mizigo. Mimi ndiye mzima!

Leo asubuhi nimetazama chooni. Sikuona kitu. Nimetazama tena, mpaka Nasteha akagonga mlango akauliza kama nimelala humo. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba suruali yangu ya kazi inanipwaya. Nikamwambia ni kunde zake. Nimeoa mwanamke asiyeuliza na leo nilitamani aulize.

Jumatatu, 9 Agosti

Basini. Tumesimamishwa kusubiri polisi wa kusindikiza, hatuwezi kupita pori bila msafara. Kadra yuko mbele na wanawake. Abduba yuko dirishani karibu yangu, fimbo katikati ya magoti.

Ameniuliza kwa sauti ya chini, inaumiza? Nikadhani anauliza tumbo langu. Kumbe anauliza kamera. Nikasema wanakupa sindano ya usingizi, hujui kitu. Inapita wapi? Nikamwambia. Akageukia dirisha. Baada ya muda mrefu akasema, "Na Mahadi alifanyiwa?" Nikasema alifanyiwa, ila alikuwa amechelewa.

Mwandiko wangu mbaya, gari linaondoka.

Jumanne, 10 Agosti

Mombasa, chumba cha Kadra, Majengo. Joto. Nitaandika kwa utaratibu, maana nina kazi nyingine ya kufanya kila robo saa.

Saa nne asubuhi Kadra alikwenda hospitali peke yake kuonyesha barua. Tulifurahi, tukajua mambo yetu yanakwenda sawa. Akarudi na chupa ya dawa. Hatukujua habari ya dawa! Kabla ya kamera utumbo lazima uoshwe uwe mtupu. Mgonjwa hali chakula, anakunywa dawa hii iliyochanganywa na jagi mbili za maji, bilauri baada ya bilauri, anaharisha mpaka yatoke maji matupu. Ukiwa na uchafu, daktari haoni kitu, unarudishwa nyumbani. Nafasi nyingine labda mwezi wa kumi.

Kadra akaichanganya mbele yetu. Akamimina bilauri ya kwanza. Akapiga magoti mbele ya Abduba, akasema, kunywa kaka, mimi nitakaa hapa mpaka jagi iishe. Sitoki.

Abduba akaipokea. Shauri letu lote lilikuwa la mlangoni mwa hospitali, hakuna aliyefikiria habari ya matumbo. Akinywa yeye, kesho nitakuwa nimelazwa kitandani na tumbo limejaa wali wa jana. Nisiponywa mimi leo, basi tena.

Abduba akainua bilauri mpaka mdomoni. Akanitazama juu yake. Nikajua atakunywa. Ataharisha usiku kucha kama ng'ombe mwenye ndigana, kwa ajili ya heshima yake, na mimi nitakaa pale nimshikie taa.

Nikasema, Kadra, subiri. Nipe mimi.

Akadhani nataka kuionja. Akasema si yako hii.

Nikasema ni yangu. Kadi zile nilijaza mimi, zote sita. Damu ni yangu.

Hakupiga kelele. Nilitaka apige kelele. Alibaki amepiga magoti, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu yale maziwa. Akasema, "Nilimshukuru Mungu kwa ajili yako. Mbele ya Tamar. Na wewe ukaitikia." Nikasema ndiyo. Akasema alimfuta Mahadi siku sitini kwa mikono hii, na hakuna hata siku moja aliyoona haya, sasa wanaume wawili wazima tunamchezea kwa sababu ya karatasi. Abduba alikuwa anatazama sakafu. Sijawahi kumwona kaka yangu anatazama sakafu mbele ya mwanamke.

Akamnyang'anya Abduba bilauri akanipa mimi. Nikanywa. Ni chumvi, ni kama kunywa maji ya bahari ya Kipini na sabuni ndani yake. Kuhusu jina akasema hilo la jina ataliongea na daktari mwenyewe kesho, atamwambia ukweli, na tukae kimya wakati anausema.

Nikadhani yamekwisha. Ya pili nikanywa. Nikaenda chooni, nikarudi. Ya tatu. Kadra bado amekaa pale pale kwenye mkeka.

Kisha akamgeukia Abduba. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Akamuuliza, "Kaka. Kama zote sita ni za Hiribae, damu ya kwako ameitazama nani?"



Akamuuliza tena, taratibu, kama mtu anavyomuuliza mtoto. Unaona damu? Abduba akashika fimbo yake, akaiweka chini, akaishika tena. Akasema mwaka jana. Akasema kidogo. Akasema alidhani ni bawasiri.

Nimekwenda chooni mara ya nne na kurudi. Nina bilauri ya tano mkononi na kalamu katika mkono mwingine. Kadra amesimama sasa, anavaa buibui. Anasema hospitali wanafunga dirisha la dawa saa kumi na moja, akitembea haraka atawahi, anakwenda kuomba chupa ya pili na kumsihi daktari amtazame Abduba pia kesho. Amefika mlangoni. Anatafuta viatu vyake kwa mguu.

Abduba anamtazama. Hajamwambia arudi.